LEO NI SIKU YA NGAPI?

Somo juu ya ndugu anayepata dawa ya kansere: imani yake, nyumba yake na kazi yake

Kusoma mbele ya fundisho: 2 Wafalme 20:1-7, 1 Wafalme 19:4-8, Yohana 9:1-3



Katika makusanyiko yetu kuna waamini wanaopata dawa ya kansere. Pengine ni mama wa kwaya mwenye kansere ya titi. Pengine ni papa mwenye ugonjwa wa damu, ao mtoto aliyevimba taya. Siku ya Mungu moja nafasi yao ni wazi, na inayofuata wamerudi. Tunawaombea, na ni vizuri. Lakini tukikutana nao mlangoni hatujui tuseme nini. Tunauliza: «Umepona?» Wao wanajibu: «Tunamshukuru Mungu», kisha wanainamisha macho, kwa maana jibu la kweli ni refu.

Somo hili linataka kutufundisha ulizo lingine, lililo fupi na lenye kusaidia zaidi: «Leo ni siku ya ngapi?»

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Yaya wangu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, alikuwa mshonaji wa nguo. Alipata dawa mara ya kwanza, na nyuma ya siku chache akarudi kwenye mashine yake. Akapata dawa mara ya pili. Siku ya kumi, saa mbili ya usiku, homa ikampanda. Sisi wote katika lupango tulisema: ni malaria. Tukampa vidonge vya malaria. Wengine wakasema: tumpeleke kwenye maombi ya usiku, asubuhi tutaona. Munganga alikuwa ametuambia kwamba homa yoyote ikija turudi hospitali papo hapo, hata usiku wa manane. Lakini mimi ndiye niliyesema tungoje asubuhi, kwa sababu teksi ya usiku ni bei kali. Tulifika hospitali kumekucha. Siku mbili nyuma yake yaya alikufa.

Siandiki hivi ili kuhukumu mtu. Si maombi yaliyomwua yaya. Tulingoja, na aliyesema tungoje ni mimi. Kama ningalijua kuhesabu siku, ningalijua kwamba siku ya kumi haina neno «tungoje asubuhi». Ndiyo sababu ninawaandikia.

I. DAWA HIYO NI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa na chembe ndogo sana. Kila chembe ina wakati wake wa kuzaa chembe zingine na wakati wake wa kufa. Kansere inaanza wakati chembe zinakataa amri hiyo. Zinazaana bila kipimo na kuingia mahali pasipo pao.

Dawa inayoitwa kemoterapi, ambayo wagonjwa wetu wanaiita kwa kifupi shimio, inaua chembe zinazozaana mbio. Mara nyingi inapita kwa mshipa pamoja na seromu. Zingine ni vidonge vya kumeza. Inatolewa kwa zamu: siku moja ao chache za dawa, kisha siku za kupumzika, kisha tena dawa. Kwa wagonjwa wengi zamu moja ni siku 21. Kwa wengine ni siku 14, ao kila juma. Kila mgonjwa amwulize munganga hesabu yake mwenyewe.

Lakini dawa hii haina macho ya kutenga rafiki na adui. Katika mwili mna chembe nzuri ambazo nazo zinazaana mbio: za mizizi ya nywele, za ndani ya kinywa na matumbo, na za uboho wa mifupa ambamo damu inatengenezwa. Kwa hiyo nywele zinaanguka, mara nyingi katika juma la pili ao la tatu, kinywa kinatoka vidonda, tumbo linachafuka, na damu inapungua nguvu. Kuanguka kwa nywele si laana, wala si alama kwamba kifo kiko karibu. Dawa ikiisha, kwa kawaida nywele zinaota tena.

Wengine wanasema: hiyo ni sumu, tena ni dawa ya wazungu. Tuseme kweli yote. Dawa ya kwanza ya namna hii ilitoka katika sumu kweli. Wakati wa vita vya pili vya dunia, wanganga wa Marekani walichunguza sumu za vita za jamaa ya gesi ya haradali, wakaona zinapunguza chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942 wakampa mgonjwa wa kansere ya tezi dawa iliyotoka katika jamaa hiyo, na uvimbe ukanywea kwa muda. Kitu kilichotengenezwa kwa kuua watu kikawa mwanzo wa dawa. Yusufu aliona jambo la namna hiyo katika maisha yake, naye akawaeleza ndugu zake (Mwanzo 50:20).

Afrika nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1958 munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, katika Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto wa Afrika. Nyuma yake ilionekana kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huo wanaweza kupona kwa dawa hizi. Tena liko ua dogo la rangi ya waridi, lenye asili ya Madagaska, ambalo watu wanalipanda mbele ya mlango kwa urembo. Katika majani yake zilitolewa dawa mbili za kansere, vinblastine na vincristine. Lakini tuangalie sana: mtu asichemshe majani hayo nyumbani. Majani mengi sana yanatoa dawa kidogo sana, na kipimo kikikosewa ni kifo.

II. NABII NA TINI

Tufungue 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia ni mgonjwa wa kufa. Nabii Isaya anamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia anageuza uso kwa ukuta, anaomba na kulia sana. Isaya hajatoka bado katika kiwanja cha kati, na neno la Mungu linamrudisha: machozi yameonekana, miaka 15 imeongezwa, na siku ya tatu mfalme atapanda nyumbani mwa Bwana.

Sasa tuangalie mstari wa 7. Nyuma ya ahadi hiyo yote nabii anaagiza walete tini zilizopondwa, waziweke juu ya jipu. Wakafanya hivyo, mfalme akapona.

Ndugu wapendwa, nani aliyeagiza dawa? Aliagiza nabii mwenyewe, ambaye masikio yake yalikuwa yametoka kusikia sauti ya Mungu. Kama kuchukua dawa ni kukosa imani, basi Isaya alikosa imani. Nani katika sisi atasubutu kusema hivyo?

Tushike mambo matatu katika habari hii.

Jambo la kwanza: mfalme alilia, na Mungu hakumkemea. Tusimwambie mgonjwa: «Usilie, ni kukosa imani».

Jambo la pili: ahadi na dawa zilikuja kwa kinywa kimoja. Tusizitenganishe sisi.

Jambo la tatu: siku zilihesabiwa. Mfalme aliambiwa kwamba siku ya tatu atapanda hekaluni. Mungu anayeponyesha ni Mungu anayehesabu siku za mgonjwa.

Wazee wetu wanatukumbusha mwaka 1921, wakati wagonjwa wengi waliacha hospitali na kukimbilia Nkamba kwa Papa Simon Kimbangu. Hatukani habari hiyo hata kidogo. Lakini tusiifanye fimbo ya kumpiga mgonjwa wa leo. Kanisa lililozaliwa katika kazi ile lilijenga hospitali na vituo vya afya, na lililijenga jambo hilo juu ya imani ile ile. Anayekwenda hospitali aende akiomba, na anayeomba asiache kwenda hospitali.

Yako maulizo matatu ambayo waamini wanayauliza mara nyingi kwa siri. Tuyajibu wazi.

Je, mgonjwa afunge? Mwili unaopata dawa hii unahitaji chakula na maji ili kujijenga upya mbele ya zamu inayofuata. Nabii Elia alipochoka hata kutaka kufa, malaika hakumwagiza kufunga. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kumpita. Mgonjwa wa shimio yuko katika safari hiyo. Sisi wengine tufunge kwa ajili yake, naye ale.

Je, anywe maji yaliyoombewa? Maji yaliyosafiri siku nyingi ndani ya bido yanaweza kubeba vidudu ambavyo mtu mzima hatavisikia, lakini vitamwangusha mgonjwa asiye na chembe nyeupe za damu. Basi tuyachemshe kwanza, yapoe, ndipo anywe. Baraka haitoki pamoja na mvuke. Mungu aliyeyabariki maji ndiye aliyeumba moto.

Je, achanganye shimio na dawa za miti? Dawa zingine za miti zinaumiza ini, na zingine zinageuza nguvu ya dawa ya hospitali. Mgonjwa asifiche kitu. Amwonyeshe munganga kila anachokunywa, hata kama kimetoka kwa mtu wa heshima.

III. AMRI: KUHESABU SIKU

Kanisa limetufundisha upendo, amri na kazi. Kwa mgonjwa wa shimio maneno haya matatu ni kama mafiga matatu, yanayobeba chungu cha maisha yake. Tuanze na amri. Siku dawa inapoingia mwilini tunaiita siku ya 1. Iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo nyumba yote inaiona. Hesabu inayofuata hapa ni ya zamu ya siku 21.

Siku ya 1 mpaka siku ya 4. Hizi ni siku za kichefuchefu na za kulala. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe saa iliyoagizwa, wala mgonjwa asingoje kwanza atapike. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Kama harufu ya sombe inayochemka inamchafua, chungu kipikwe nje. Bukari ikimshinda, apewe uji. Wakati sindano iko mkononi, akisikia moto ao maumivu mahali pale, amwite mlezi mara moja, asivumilie kwa haya. Dawa moja yenye rangi nyekundu, doxorubicin, inageuza mkojo kuwa mwekundu siku moja ao mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu, nyumba isitishike. Kwa muda wa saa 48 dawa inatoka katika mkojo na matapishi. Anayeyasafisha avae glavu za mpira, ao akikosa afunge sasheti mkononi, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mama mwenye mimba asiifanye kazi hiyo.

Siku ya 7 mpaka siku ya 14. Hizi ndizo siku za hatari, na ndizo zinazodanganya. Kichefuchefu kimeisha, mgonjwa anacheka, tunasema amepona. Lakini ndani ya damu askari wamepungua. Chembe nyeupe, ambazo kazi yao ni kupigana na vidudu, ziko chini sana. Sharti nyumba iwe na termometre. Apimwe asubuhi na jioni. Kipimo kikifika 38, ao mgonjwa akitetemeka kwa baridi, aende hospitali saa ile ile. Asipewe kwanza kidonge cha kushusha homa halafu tungoje, kwa maana kidonge kinaficha moto bila kuuzima. Wala tusiseme ni malaria. Pengine ni malaria kweli, lakini hospitali itapima, na itatibu yote mawili. Abebe karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya siku ya 1, ili munganga wa zamu ya usiku ajue anamtibu nani. Akitoka damu puani ao katika fizi bila kukoma, ao choo kikiwa cheusi kama lami, aende vilevile.

Na maombi? Tuombe ndani ya teksi. Mungu anasikia barabarani kama anavyosikia hekaluni.

Katika siku hizo maji yachemshwe, matunda yamenywe, nyama na samaki ziive kabisa. Kinywa kisukutuliwe mara nyingi kwa litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kidogo kimoja cha chumvi na kijiko kidogo kimoja cha bikaboneti. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mgonjwa na ya wote wanaomgusa.

Siku ya 15 mpaka siku ya 21. Nguvu inarudi. Hizi ni siku za kazi, za kusanyiko, za kucheka na watoto. Mgonjwa azifurahie bila kuona haya. Mbele ya zamu nyingine damu yake itapimwa. Kama imebaki chini, munganga anaweza kusema: ngoja juma moja. Hapo tusimwambie kwamba Shetani amemzuia. Mwili umeomba siku chache tu, kama Elia chini ya mti.

IV. UPENDO: NYUMBA YA MGONJWA

Kansere haiambukizi. Mgonjwa ale katika sahani moja na watoto wake, awabebe, awakumbatie. Ziko nyumba ambamo mama anatengewa kikombe chake, na hiyo inamwumiza kuliko sindano. Katika siku za 7 mpaka 14 sisi ndio tunaoweza kumwambukiza yeye. Mwenye kukohoa asimkaribie.

Watoto waambiwe kweli kwa maneno yanayowatosha: «Mama ana ugonjwa, dawa yake ni kali, nywele zitaanguka, si kosa lenu». Mtoto asiyeambiwa anajitungia habari mwenyewe, na mara nyingi habari yake ni mbaya kuliko kweli.

Mume na mke wazungumze. Wakati wa dawa hii haifai kupata mimba, wala mama asinyonyeshe. Wamwulize munganga namna ya kujilinda bila aibu, kwa maana ni neno la uzima. Papa ambaye mke wake anapata shimio ajifunze kuwasha moto na kusonga bukari. Hakuna mstari wa Biblia unaomkataza.

Na jamaa wasitafute mchawi. Wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya yule kipofu: ni nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake? Bwana alikataa ulizo lenyewe (Yohana 9). Mwaka 1921 baba zetu walitupa fetishi zao. Mtu anayemshitaki shangazi mzee kwamba ndiye aliyeleta kansere anaziokota tena. Tena feza inayokwenda kwa mpiga ramli ni feza ya zamu ya tatu na ya nne.

V. KAZI: MKATE WA KILA SIKU

Wengi hawawezi kuacha kazi miezi sita, kwa sababu asiyeuza leo hali kesho. Wengine wanaweza, lakini kazi inawasaidia kukumbuka kwamba wao si ugonjwa. Basi tusimwambie mgonjwa «kaa tu», wala tusimwambie «jikaze tu». Tumwulize siku.

Mwalimu aombe kama inawezekana kupata dawa siku ya Ijumaa, ili siku mbaya ziangukie mwisho wa juma. Amweleze mkubwa wa shule mbele, si nyuma ya kukosa, amwonyeshe kalenda. Katika juma la pili afundishe dirisha zikiwa wazi, na mtoto mwenye mafua akae mbali naye.

Mama wa sokoni atafute dada wa kushika meza yake kati ya siku ya 7 na ya 14, wagawane faida kwa haki. Anaporudi apange asubuhi mapema, mbele watu hawajasongamana.

Mkulima asilime pekupeku, wala asishike jembe siku ambazo damu iko chini. Jeraha dogo la mguu linaweza kuwa mlango wa kifo.

Mwenye kazi ya mkataba aombe munganga karatasi ya ugonjwa kila mara, aiweke. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 inampa mwajiri deni la kumtunza mfanyakazi mgonjwa. Asiyekuwa na karatasi hawezi kudai.

Na siku ambayo hawezi kitu? Papa Simon Kimbangu alifungwa miaka 30, akafa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuhubiri tena mbele ya makundi, lakini hakuna kati yetu anayesema kwamba miaka ile haikuwa kazi. Mgonjwa aliyelala akivumilia kwa imani, yuko kazini.

VI. KUSANYIKO LIFANYE NINI?

Hapa somo linatugeukia sisi wenye afya.

Tunajua kukusanya feza. Siku ya matanga sahani inajaa mbio. Kwa nini tungoje matanga? Kabla ya zamu ya kwanza, jamaa na kusanyiko wamwulize munganga bei ya zamu zote, safari na vipimo pamoja. Kuanza na kuishia katikati kunampa kansere nafasi ya kusimama tena. Tufanye nsinsani ya mgonjwa akiwa hai. Kama dawa haipatikani karibu, tujue kwamba Afrika inazo nyumba za kazi hii: Kampala tangu 1967, Lusaka tangu 2007, Butaro katika Rwanda tangu 2012. Safari ya huko inaomba watu wengi kuchangia.

Tuweke feza ya usiku. Ni bahasha moja tu, imefungwa, yenye bei ya teksi ya kwenda hospitali, inakaa kwa mgonjwa na haiguswi kwa sababu yoyote nyingine. Bahasha hiyo ingalikuwa katika lupango letu, ningalikuwa na yaya leo, pengine. Tena kila kusanyiko lichague ndugu mmoja mwenye gari ao motokari ya kazi, ambaye simu yake haizimwi usiku katika juma la pili.

Tujifunze kutembelea. Siku ya 3, tulete uji, tukae dakika kumi, tuende. Siku ya 10, watu wawili tu, wasiokohoa, mikono imeoshwa, ao tuombe tukiwa nje ya dirisha. Siku ya 18, twende tumchukue, twende naye hekaluni, tumwimbie.

Katika kusanyiko moja ninalolijua yuko mama wa soko aliyepata zamu sita. Kalenda yake ilining'inia karibu na mlango. Kila mwana-kwaya aliyeingia alikuwa anasoma kwanza kalenda ndipo anaketi. Mara moja homa ilimpanda, siku ya 9, saa saba ya usiku. Saa nane alikuwa kitandani hospitali na seromu mkononi, na waliobaki wanaomba. Leo anauza samaki kavu, na nywele zake zimerudi. Je, kansere haitarudi? Yeye anasema: Hezekia alipewa miaka 15, hakupewa milele ya hapa chini, na hakuipoteza kwa kuhesabu iliyobaki. Anakwenda kupimwa kila mara anapoitwa.

Hatuwaahidi ninyi wote mnaochukua dawa kwamba mtapona. Wako walioomba, wakameza, wakahesabu siku, na Bwana akawaita. Hawakushindwa, wala imani yao haikuwa ndogo. Tunaahidi neno moja lililo katika uwezo wetu, kwamba hamtahesabu siku zenu peke yenu.

Basi, Siku ya Mungu inayokuja, mkimwona mama yule mwenye kitambaa kilichokazwa kichwani, msimwulize kama amepona. Msalimieni kwa upole, kisha ulizeni: «Mama, leo ni siku ya ngapi?» Akijibu, mtajua kama ni siku ya uji, ya termometre, ao ya wimbo.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA

1. Katika 2 Wafalme 20, nani aliagiza tini, na wakati gani? Hiyo inatufundisha nini juu ya maombi na dawa?
2. Kwa nini siku ya 7 mpaka ya 14 ni za hatari hata kama mgonjwa anajisikia vizuri?
3. Homa ikifika 38 usiku, tufanye nini kwanza? Nani katika kusanyiko letu ataitwa?
4. Malaika alimfanyia Elia nini, na sisi tumfanyie nini mgonjwa aliyechoka?
5. Kusanyiko letu lina mgonjwa wa shimio? Leo ni siku yake ya ngapi?